Probox ya Ulemo na Hesabu Yangu ya Milioni 12

Wiki ya kwanza ya muhula, wenzangu wakiwa wanasubiri bumu na kugombania vitanda vya chini, mimi nilikuwa napokea picha za Probox. Picha kumi na nne kwa mkupuo: mbele, nyuma, ubavuni, ndani, boneti wazi, boneti imefungwa. Chini yake kaka ameandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye uchumi wako huko. Nitungie tangazo, na bei uipige kisomi."

Gari lilikuwa linauzwa kwa ajili yangu. Mkopo wa Bodi ulifunika sehemu tu ya ada, alizeti ya mwaka ule ilikuwa imeshauzwa na hela yake kuliwa, na kaka, ambaye ndiye anayenisomesha tangu mzee atutoke, aliona nyumbani Ulemo kuna kitu kimoja tu cha kuuzika haraka. Kwa hiyo ninapouliza hapa kama vitu tunavyoongeza kwenye gari baada ya kulinunua vinapandisha bei yake siku ya kuliuza, siulizi swali la mtihani. Swali hili nilishalijibu mara moja, kwa maandishi, nikakosea. Jibu langu lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki tatu bila kupigiwa simu moja ya maana.

Naliandika sasa kwa sababu nasikia linarudi. Kuna jamaa wa hosteli ya jirani ana IST, anataka kuiuza akimaliza chuo, na washauri wake wamemwambia aweke kwanza rimu za spoti na sabufa "ili ipande thamani". Naomba asubiri amalize kusoma.

Hesabu ya kisomi

Kaka alilinunua lile gari mkononi kwa mtu, miaka mitatu kabla, kwa milioni 9 na nusu. Namba D, injini ya 1.3, kila kitu kama lilivyoshuka melini. Tangu hapo akawa analiongeza, na kwa kuwa ni mtu wa daftari, kila shilingi aliandika. Injini nyingine, ya 1.5, pamoja na ufundi: 2,100,000. Rimu za spoti na tairi zake: 900,000. Kupuliza rangi upya: 700,000. Redio ya skrini na sabufa: 450,000. Springi za nyuma na kulinyanyua gari: 380,000. Ngao ya mbele: 300,000. Keria ya juu: 250,000. Kava za siti: 120,000. Ukijumlisha unapata milioni 5 na laki 2.

Nikafanya nilichodhani ni uchumi. Nikachukua bei ya kununulia, nikaondoa milioni 2 za uchakavu wa miaka mitatu, nikabaki na 7 na nusu. Nikaongeza 5.2 za daftari. Milioni 12 na laki 7. Nikaandika tangazo refu, kila nyongeza na mstari wake, mwishoni nikaweka "bei maelewano" ili tusionekane wagumu.

Kosa lenyewe ni rahisi kulisema leo. Nilichukua gharama nikaiita thamani. Mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba hela iliyokwisha kuzama haitakiwi kuingia kwenye uamuzi wa leo, tunaandika kwenye mtihani, tunapata alama. Halafu unakuta mtu huyohuyo anauza simu yake na kukwambia "kava peke yake nilinunua elfu thelathini".

Tena kuna jambo la pili linalotuponza wauzaji. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wengine hawakupewa, kisha wakaachwa wauziane. Waliokuwa na kikombe walitaka kama mara mbili ya kile ambacho wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, kimekaa mkononi mwa mtu dakika chache tu. Sasa fikiria gari ambalo mtu amelichagulia mwenyewe rangi na akalala nalo gereji siku nne.

Kwa nini liliongezwa

Nisimfanye kaka aonekane mpenda manjonjo. Asiyeijua Ulemo ajue kwamba ni kata ya wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, na maisha ya pale yanategemea shamba na barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza. Ukitoka Singida, ukapita Misigiri penye njia panda ya Kiomboi, unafika mlima Sekenke, kisha unashuka hadi Shelui. Kushuka ni suala la breki. Kurudi ndiyo habari nyingine: Probox ya 1.3, watu watano, magunia nyuma, mbele yako lori limejaza linatambaa, na wewe huna nguvu ya kulipita. Kaka alikuwa anasema gari "linahema". Ndiyo maana ya injini. Springi zilikuja kwa sababu ya magunia, na kulinyanyua kulikuja kwa sababu njia za kuingia vijijini kipindi cha masika zinachimbika mpaka gari la chini linakwangua tumbo.

Rimu, redio na sabufa, hapo sina utetezi. Alipata hela ya vitunguu msimu mmoja akafurahi.

Ushahidi dhidi ya gari

Mteja wa kwanza wa kweli alikuwa mwalimu kutoka Kiomboi. Alitaka gari la kwendea kazini na kanisani. Alikuja na fundi wake, na kaka akanisimulia kwa simu jioni ile, bado hajaelewa nini kilitokea. Fundi hakuangalia rimu hata kidogo. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akashika springi.

"Hii ilikuwa inabeba nini?"

Kaka akajibu kwa kujivuna: "Hiyo hata ujaze magunia hailali. Nimeongeza springi."

Fundi akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama fundi. Baadaye fundi akatoa kisumaku mfukoni, akakipitisha mlangoni na kwenye matao ya tairi akitafuta puti chini ya rangi mpya. Hakukuwa na puti ya maana, rangi ilipulizwa kwa sababu ya jua tu, lakini swali lilishaingia: gari limepakwa upya kwa nini? Mwalimu akaaga vizuri, akasema atapiga simu. Unajua simu za namna hiyo.

Hapa ndipo niliporudi kwenye makala ambayo wengi wetu tunaitaja bila kuisoma, ya George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu soko la "malimau", ambayo ilichangia kumpatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Limau ni jina ambalo Wamarekani humpa gari bovu la mkononi. Hoja yake ni kwamba muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hutoa bei ya gari la wastani, akijilinda na limau. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimlipi anajitoa sokoni, na yanayobaki yanazidi kuwa mabovu.

Ukilitazama soko hivyo, nyongeza inabadilika sura. Mnunuzi asiyejua gari limepitia nini anatafuta dalili, na kila kitu kilichoongezwa ni dalili. Springi za ziada zinasema lilibeba mizigo. Keria inasema vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Rangi mpya inasema huenda liligongwa. Ngao inasema dereva alitarajia kugonga kitu. Sabufa na rimu zinasema mwenyewe ni kijana, na kijana anakimbiza. Yote yanaweza kuwa uongo, lakini mnunuzi hana njia ya bure ya kuyapima, kwa hiyo anayakata kwenye bei. Nilikuwa nimeandika tangazo la mistari minane ya ushahidi dhidi ya gari letu wenyewe.

Ndiyo sababu madalali wa nchi hii wanasifia kinyume chake. Sikiliza matangazo yao: gari halijaguswa, injini haijafunguliwa, rangi ya kiwandani, AC inapiga, njoo na fundi wako. Sifa kubwa ya gari la mkononi ni kile ambacho mwenyewe hakukifanya. Hata kwenye minada ya Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, gari hupewa alama na wakaguzi kabla ya kuuzwa, na lililowahi kugongwa na kutengenezwa huwekewa herufi R, hata kama limetengenezwa vizuri kiasi gani. Mnunuzi anataka historia fupi.

Kadi inasema kingine

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mzima. Ijumaa moja nilikuwa nimepanda basi kwenda nyumbani kwa sababu tarehe ya mwisho ya ada ilikuwa inasogea na nilitaka kuona kwa macho. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari kama yule fundi. Akashika springi zilezile, akasema, "Hapa umenipunguzia kazi."

Tazama hapo. Springi moja, watu wawili. Kwa mwalimu ni ushahidi wa mateso, kwa mzee wa vitunguu ni kazi ambayo angeilipia mwenyewe wiki inayofuata. Sherwin Rosen aliliweka hili kwenye nadharia mwaka 1974, na kabla yake Andrew Court alikuwa ameitumia njia hiyohiyo kwenye bei za magari Marekani mwaka 1939: bidhaa ni fungu la sifa, na kila sifa ina bei yake iliyojificha ndani ya bei moja unayoiona. Ninachoongeza kutoka Ulemo ni kwamba sifa haina bei mpaka umjue anayenunua. Nyongeza inakuchagulia mteja. Sisi tulikuwa tumelitengeneza gari la mbeba mizigo, halafu tukalipamba kama la kijana wa mjini, halafu tukalitangaza kwa kila mtu.

Mzee aliliendesha hadi Misigiri na kurudi, akafurahi. Injini aliipenda sana. Halafu kijana wake, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba kadi. Akafungua boneti, akapangusa vumbi, akasoma namba ya injini. Injini iliyomo ilikuwa 1NZ. Kadi iliandika 2NZ na ujazo wa 1298.

"Baba, kadi inasema kingine, gari inasema kingine."

Kaka alieleza, na maelezo yalikuwa ya kweli. Lakini risiti ya ile injini haikuwepo. Mzee akafunga mlango taratibu, akasema, "Mwanangu, trafiki akinisimamisha Shelui, mimi ndo nitaanza kusimulia hiyo hadithi? Milioni sita. Na kadi unanirekebishia wewe."

Nyongeza ya gharama kubwa kuliko zote, iliyokuwa na faida ya kweli kwenye Sekenke, ndiyo iliyotuangusha zaidi. Tena haikutuangusha kwa ubovu, ilituangusha kwa karatasi. Hili nalitilia mkazo kwa sababu wengi wetu hatulijui: kadi ya usajili hubeba namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo, rangi, aina ya bodi na idadi ya siti. Ukibadilisha kimojawapo, taarifa zinatakiwa zibadilishwe TRA. Usipofanya hivyo unauza vitu viwili visivyofanana, gari na kadi, na mnunuzi atalipia kile cha bei ndogo. Wenye Noah wanaoongeza siti ya nyuma ya abiria wajue hilo. Kadi ikisoma siti pungufu, ile siti ya ziada ni kesi inayosubiri mwenyewe mpya.

Tulitumia zaidi ya wiki mbili. Kaka alirudi kwa aliyemuuzia injini, akapata hati ya mauziano, gari likakaguliwa, karatasi zikapelekwa, kadi ikatoka ikisoma sawa na kilichomo chini ya boneti. Nauli na ada za shughuli hiyo sikuziingiza kwenye daftari kwa sababu kaka hakutaka kuziona.

Paa la bei

Wakati tunasubiri kadi nilipata muda wa kuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: bei ya gari la mkononi nchini inawekwa na nini? Sehemu kubwa ya jibu ipo bandarini. Anayetaka Probox anaweza kuagiza nyingine, kwa hiyo hakuna atakayetoa kwa gari lako zaidi ya kile ambacho kingemgharimu kuagiza la aina hiyo na kulipia ushuru, labda kidogo tu juu yake ili asisubiri meli. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni cha kukadiria kodi ya magari yaliyotumika. Unaingiza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi litokako, mafuta, ujazo wa injini. Umri unauma: gari dogo lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Nilikizungusha kile kikokotoo usiku mzima. Hakuna kisanduku cha rimu wala cha sabufa.

Kwa hiyo kuna paa, na paa hilo limejengwa kwa modeli, mwaka na injini ya kiwandani. Chini ya paa, watu wanapanga kwa mambo machache. Herufi ya namba, kwa mfano: C, D, E zinaonyesha gari limeingia nchini lini, na dalali anaitaja kabla hata ya rangi. Sifa ya injini ni nyingine. Muulize yeyote aliyejaribu kuuza Noah au Voxy yenye injini ya D-4, ile ya kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Gari linaweza kuwa safi, lakini mafundi wengi wameshawatisha watu kuhusu mafuta yetu na bei ya pampu yake, na hakuna rimu itakayofuta hofu hiyo.

Mahali nako kuna bei yake. Dar es Salaam leo, bajaji au IST ya mtandaoni iliyofungwa mfumo wa gesi asilia ina cha kujivunia. Karakana kama ile ya DIT zinafunga, vituo vya kujazia vipo, na dereva anayetembea kutwa anaona tofauti kwenye mfuko wake. Ingawa hata Dar foleni za kujaza zinakula sehemu ya faida hiyo. Sasa lichukue gari hilohilo, lipandishe mpaka Iramba. Ule mtungi wa nyuma umekuwa chuma cha kubebwa bure, umekula nafasi ya magunia mawili, na mnunuzi wa Ulemo anakuuliza kama unaweza kuutoa. Nyongeza iliyogharimu karibu milioni mbili imeshuka chini ya sifuri, na gari halijabadilika kitu zaidi ya kusafiri kilomita mia saba na zaidi.

Kupunguza

Aliyetunyoosha alikuwa dalali mmoja wa Singida mjini. Alisoma tangazo langu kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. "Dogo, hili tangazo ni la mtu anayeoa. Mtu wa kijijini anatafuta Probox, wewe unamuuzia harusi."

Akatupa ushauri ambao sijaukuta kwenye kitabu chochote cha kozi yetu: vua kinachovulika, uza pembeni, acha kinachofanya kazi, kisha kithibitishe. Rimu za spoti zilikuwa na soko lake Singida, kwa vijana wa IST, na wao hawakujali zimetoka gari gani. Zikaenda kwa 550,000 pamoja na tairi. Rimu za chuma za zamani zilikuwa stoo, tukanunua tairi mbili za mkononi kwa 100,000, gari likasimama. Redio ya skrini ikapata 150,000, na ile ya kiwandani ikarudi mahali pake. Ngao tuliijaribu, lakini mashimo ya kufungia yangebaki wazi, tukaiacha. Rangi na kava za siti huwezi kuvivua ukauza.

Ajabu ni kwamba vitu vilevile ambavyo juu ya gari havikuongeza hata shilingi, vilipouzwa peke yake vilileta laki saba. Nadhani sababu ni kwamba anayenunua rimu anataka rimu, anaziona, anazigonga kwa kidole, hakuna siri. Anayenunua gari lenye rimu anataka gari.

Tangazo la pili niliandika kwa mistari mitatu. Probox, namba D, injini 1.5. Kadi imebadilishwa na inasoma sawa na injini, hati ya mauziano ipo. Springi za mizigo, njoo na fundi wako. Bei milioni 8 na laki 2. Tulipanga bei hiyo baada ya kuona Probox mbili za mwaka mmoja na yetu, moja Singida na moja Kiomboi, zikitajwa kwa 7.3 na 7.8, zote za 1.3. Ndani ya siku nne zilipigwa simu tano. Wote waliopiga walikuwa watu wa mizigo, hakuna hata mmoja aliyeuliza muziki.

Yule mzee wa vitunguu alirudi wiki iliyofuata. Alikagua kadi kwanza, gari baadaye. Akalipa 7,800,000.

Daftari lilivyofungwa

Tuhesabu sasa kwa uaminifu. Tuseme Probox yetu bila kuguswa ingeuzwa 7 na nusu, yaani katikati ya zile mbili tulizoziona. Basi nyongeza zilizobaki juu ya gari zilileta 300,000. Rimu na redio 700,000, toa 100,000 za tairi. Jumla 900,000, katika 5,200,000 zilizotumika. Ni kama asilimia 17. Msomi wa takwimu atanikumbusha kwamba gari moja si sampuli, na kwamba ile 7 na nusu ni makadirio yangu yanayoweza kusogea huku na huku. Anayo haki. Isitoshe tuliuza kabla ya mvua, wakati hela za watu wa Iramba zinaelekea kwenye mbegu na kulima. Huenda baada ya mavuno mzee angefika milioni nane bila ubishi, lakini ada haisubiri mavuno.

Nilipompelekea kaka hesabu hii alikaa kimya, kisha akanikatalia sehemu moja. Alisema injini nisiiweke kwenye hasara. Miaka miwili alipanda nayo Sekenke akiwa amejaza, safari ambazo ile ya kwanza ingemlazimu kuzigawa mara mbili. "Ile ilishajilipa barabarani. Ulitaka inilipe tena mara ya pili?" Nimelifikiria sana hilo na naona yuko sahihi kuliko daftari langu. Springi nazo zilijilipa hivyohivyo. Kwa hiyo nimeigawa upya ile milioni 5.2: ya kazi, ambayo ilirudi kidogokidogo kila siku ya soko na haikuhitaji kurudi siku ya kuuza, na ya manjonjo, ambayo ilikuwa starehe ya kaka, alistahili, na ikaisha pale aliposhuka garini. Jamaa wa IST aamue yake iko fungu gani kabla ya kwenda dukani. Kama ni starehe, aiweke leo ale raha miaka miwili iliyobaki, asiiweke wiki moja kabla ya kuuza. Rimu zake za mwanzo azitunze. Na hela iliyobaki aitumie kwenye shokapu, bushi na kumwaga oili kwa wakati, aweke risiti zote kwenye bahasha moja. Bahasha hiyo nimeona ikifunguliwa mbele ya mnunuzi, na nimeona uso wa mnunuzi ulivyolegea.

Ada nililipa siku mbili kabla ya mwisho. Kaka sasa anatembea kwa bodaboda na anasema anapumzika na mafundi.

Kilichobaki ni sabufa. Singida haikupata mtu, nikapanda nayo basi kurudi chuoni, na sasa ipo chini ya kitanda changu. Laki moja na nusu, maelewano yapo, njoo na fundi wako.